Kuku Waliochinjwa na Onesphory

Wanaosema mjini kila mtu na lake hawajawahi kupika Kariakoo. Evarista, mama lishe kutoka Rombo, husali kanisani kila Jumapili, lakini kwa miaka kumi na tisa hajaruhusu kuku wake achinjwe na mtu yeyote isipokuwa Mzee Khalfani, Mwislamu, ili kila mteja ale kwa amani. Jambo hilo limemwingia hata yeye: akienda kwao Krismasi huuliza nani kachinja, na ndugu zake humcheka.

Jumanne moja, karibu saa sita, Mzee Khalfani alifika na kisu chake ndani ya gazeti, akaomba radhi kwa kuchelewa, akauliza kuku wako wapi. Evarista akageukia jiko. Kuku walikuwa sufuriani. Asubuhi aliwakuta wameshanyonyolewa, akajua mzee amepita. Kumbe ni shemeji yake Onesphory, mgeni wa wiki moja mjini, aliyewachinja akidhani anamsaidia.

Akamdanganya mzee kwamba leo hapiki kuku, naye akaenda zake.

Sahani moja tu ilikuwa imetoka, ya Mwanne, mama wa Kilwa anayeuza vitenge mlango wa pili. Alikuwa anamalizia mfupa.

Evarista aliogopa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mtaa mzima utasikia kwamba amemlisha Mwanne kibudu, na nani atakula kwake tena? Lakini Mwanne ndiye aliyelala naye mkeka mmoja mwaka Evarista alipofiwa na mume.

Alimwaga sufuria lote. Kisha akachuma jani la isale kwenye kopo la rangi mlangoni. Kwao, ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Akajiona mjinga, maana mtu wa Kilwa jani litamwambia nini? Akaenda hivyo hivyo, akaeleza yote.

Mwanne aliinuka. Alikwenda kusukutua mara tatu, akarudi macho mekundu.

"Hilo jani nalijua," alisema. "Nililiona ulipopatana na dada yako. Umelileta makusudi, nisipate pa kukataa."

Evarista akamwambia anaweza kukataa, yeye si wa Rombo.

"Miaka yote hii nipo mlangoni kwako, mama Aristides, leo nianze kulikataa? Hata mimi naliogopa. Lete."

Akalipokea kwa mikono miwili.