Ruhusa ya Floribert

Katika mtaa wetu wa Bel-Air mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Tracy, na wengi hawajui hata jina nililobatizwa. Jirani yangu Germaine Numbi, ambaye ukuta wake ndio wangu, ni Mama Germaine tu, mama wa jina lake mwenyewe. Alizoea. Au alituambia amezoea, nasi tukaona heri kumwamini kuliko kumuuliza.

Ni mshonaji. Sare za akina mama wa parokia karibu zote zimepita chini ya sindano yake, hata yangu, ambayo ameipanua zaidi ya mara moja bila kunitania mbele ya watu. Anaishi peke yake tangu mumewe Floribert alipobeba sanduku lake kwenda Kasungami, pembeni mwa mji, kwa mwanamke mwingine, kwa kuwa nyumba yao ilikaa miaka mingi bila mtoto kulia ndani yake. Floribert hakupiga kelele wala hakumpiga mtu. Aliondoka kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniudhi mimi kuliko kitu kingine chochote.

Ugonjwa wenyewe Germaine aliuficha kwa werevu wa fundi. Alivaa rangi za giza hata siku ya Pasaka. Kwenye kiti cha mashine alitandika liputa nyeusi, kitenge kilichokunjwa, na mteja alipokuja kuchukua nguo, hakunyanyuka kumsindikiza mpaka awe ametoka nje. Sisi wenye midomo tulisema ana maringo. Kumbe alikuwa akitokwa damu, wiki ikiisha nyingine inaanza, na kati ya hizo anapumzika kidogo tu.

Mwaka huu, baridi ya Juni ilipoanza, nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya vitambaa, midomo imempauka, anajaribu kutunga uzi na tundu la sindano halioni. Nilimfunga liputa yangu kiunoni nikampeleka hospitali, huku nikigombana naye njia nzima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwongezea damu, akampiga picha, kisha akatuketisha. Alisema kizazi kimejaa vivimbe, vidogo kwa vikubwa, na vidonge havitafua dafu tena. Lazima kitolewe chote.

"Hamuwezi kutosha bile bivimbe tu, muache nyumba ya batoto?" Germaine aliuliza. Kwetu kutosha ni kutoa, na nyumba ya batoto ni kizazi.

"Mama, biko kila fasi. Kama tunaiacha, siku ingine batakuleta huku na tutakuwa tumechelewa."

Njiani nilimwambia akubali, wakate, yaishe. Ilikuwa rahisi kwangu kusema, nina watoto watano na wa mwisho nilimzaa nikimlaani baba yake. Germaine alinitazama bila hasira.

"Wewe uliitumia yako, Mama Tracy. Mi yangu, hata kama hakuna mwenye alilala mule, iko nyumba. Nitaambia batoto nini bakinitosha nyumba?"

Nilimkaza liputa kiunoni, tukaendelea kutembea.

Alikawia kuamua. Hakuwa na mtu wa kuamua naye ndani ya nyumba ile, ila cherehani. Mchana nilisikia ikienda, ikisimama, ikienda tena. Kilichomwamulia mwisho kilikuwa gauni. Alikuwa akishona gauni jeupe la komunyo ya kwanza la mtoto wa watu, akaliweka mapajani kupindia chini, na damu ikapita liputa ikapita sketi, ikashika pindo. Alilifua kwa chumvi na maji baridi, doa halikutoka. Akaja kwenye ukuta akaniita.

"Nimekubali," alisema. "Bakate."

Nilifikiri lililobaki ni kuchagua siku tu. Sikuijua hospitali yetu.

Pale, mgonjwa hapasuliwi bila mtu wake kusimama mlangoni. Si kwa ajili ya kuomba wala kulia. Wakishatoa walichotoa, muuguzi hukileta ndani ya beseni, akamwonyesha mtu wa familia, ili kesho asije mjomba fulani na vijana wake kusema daktari aliiba kitu tumboni mwa dada yao akakiuza. Maneno hayo yamewahi kusemwa, na mawe yamewahi kurushwa. Kwa hiyo daktari alisema wazi: karatasi Germaine anaweza kutia sahihi mwenyewe, ni mtu mzima, lakini bila ndugu au mume wa kuangalia beseni, yeye hashiki kisu.

Nikasema, "Docteur, mi niko dada yake."

"Wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Hapana, docteur," Germaine akasema polepole. "Iko jirani." Tulipotoka nje alinishika mkono. "Kama ninakufa, bantu ya kwetu bataleta kilio ku mulango yako. Batakubomolea nyumba. Na batoto yako je?"

Nilijua anasema kweli. Nilikasirika, lakini sikurudi ndani kusisitiza.

Ndugu wa tumbo moja alikuwa mmoja tu, kaka yake Clément, mkulima wa Lukafu, ambaye ili kupata mtandao ilimbidi kupanda kichuguu nyuma ya shamba lake. Germaine alimweleza yote, simu ikiwa wazi ili na mimi nisikie. Clément alimwacha amalize.

"Numbi," akasema, "ile dot, ile mahari yako, tulisharudisha?"

"Hapana, yaya," akamjibu kaka yake.

"Basi mi siwezi kuruhusu. Tulikula mbuzi ya bale bantu. Ile tumbo tulishapeana. Kama ninakuja kuona banaitosha, ba famille ya Floribert bataniuliza: nani alikutuma kutupa kintu ya benyewe? Enda kwa bwana yako."

"Yaya, bwana gani? Aliniacha."

"Alienda. Hakukuacha. Kama alikuacha, tungeita bakubwa, tungerudisha mali."

Clément si mtu mbaya. Alilia kwenye simu, nilimsikia. Lakini alilia na neno lake likabaki palepale. Kwao, mahari ambayo haijarudi ni ndoa ambayo haijavunjika, na mume anaweza kwenda Kasungami, anaweza kwenda mwezini, tumbo la mke linabaki lake. Basi yule aliyemkimbia Germaine kwa sababu ya kizazi kile ndiye alipaswa kuombwa ruhusa kitolewe. Nilicheka kwa uchungu. Germaine hakucheka.

Tulikwenda Kasungami. Floribert alikuwa uani, anapukuchua mahindi, nywele zimeingia mvi. Mke wa pale, Mama Hénoc, alitupa viti na maji, akatusalimia vizuri, akaingia ndani kwa busara ambayo sikuitegemea. Germaine alipiga magoti kwenye vumbi lile akaeleza shida yake kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Mtu akiwa ana haki na bado anapiga magoti, anayetazama ndiye anayeumia.

Floribert aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Nitaongea na bakubwa ya kwetu," akasema.

"Lini?"

"Nitaongea nabo."

"Papa Hénoc," nikadakia, nikimwita kwa jina la mtoto aliyemzaa pale, "huyu muntu anakufa."

Aliniangalia kwa ile adabu yake. "Mama, wewe ni nani mu hii mambo?"

Tukarudi.

Siku ilipangwa hata hivyo, kwa matumaini, na Germaine akaanza kujitayarisha. Daktari alimwambia kwamba baada ya upasuaji hatanyanyua kitu kizito wala kujinyoosha kwa majuma mengi, na aliyeko peke yake hana wa kumwambia nisaidie hapa. Kwa hiyo alishusha nyumba nzima chini. Sufuria, chumvi, unga wa bukari, yaani ugali wetu, taa, vyote vikatoka juu vikapangwa kwenye usawa wa kiuno chake. Kitanda alikisogeza ukutani ili aamke akishikilia. Akajaza maji kila bidoni aliyokuwa nayo, yale madumu ya mafuta, kisha akaazima na zangu.

"Yataoza, ile mayi," nilimwambia.

"Nitafanya nini, sasa? Nitangojea nani anichotee?"

"Mi je?"

"Wewe uko na kwako."

Cherehani aliileta kwangu ili wezi wasiikute pweke. Gauni la komunyo alikuwa amelishona jingine, kwa kitambaa alichonunua mwenyewe, akanipa nilifikishe. Kisha akaniita kwenye kabati, akanionyesha liputa ya bluu yenye maua. "Kama sirudi, munivalishe ile. Si ya parokia. Ya parokia nilishona bibaya." Hapo ndipo nilipolia, na yeye ndiye akanibembeleza, mambo kinyumenyume kabisa.

Kila siku alimpigia Floribert. Simu iliita ikaita. Mara moja ilipokelewa na Mama Hénoc, akasema bado wakubwa hawajakaa. Mara nyingine akasema wamekaa, wametawanyika bila neno. Damu ilirudi. Germaine alitembea akishika ukuta wangu, na ningemsaidia kwa lipi? Nilipika supu, nilifua maliputa, nikawatukana watu wa Kasungami nikiwa jikoni kwangu mahali ambapo hawanisikii. Mtu anaweza kuchoka kwa kutofanya lolote.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikwenda hospitali bila jibu. Nilibeba ndoo, beseni, sabuni, mkeka wangu wa kulala chini ya kitanda chake. Daktari alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, kitanda cha magurudumu kimeshageuzwa kurudi wodini, Floribert alipoingia. Alivaa suti, ile aliyooa nayo, inambana tumboni.

"Bakubwa balikubali," akasema, kana kwamba amemletea zawadi.

"Aksanti, papa," Germaine akajibu. Amelala chali, uso juu, anamshukuru. Niliuma kitambaa cha kichwa changu.

Germaine akasukumwa ndani, nasi tukakaa benchi moja, mimi na Floribert. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguliwa kidogo.

"Familia ya Numbi Germaine!"

Tulisimama wote wawili. Muuguzi alininyooshea kiganja. "Bwana yake tu."

Floribert aliingia. Mlango ukajifunga, nami nikabaki nauangalia ubao wake. Alipotoka alikuwa ameshika ukuta, vilevile kama Germaine alivyoshika wangu.

"Eko muzima?" nikamuuliza.

"Eko muzima." Kisha akamgeukia muuguzi. "Mama, bile bintu, bilikuwa mule tangu wakati gani?"

"Miaka mingi, papa. Binakomaa polepole."

"Hata wakati alikuwa kwangu?"

Muuguzi alikuwa na kazi. Alisema huenda, akafunga mlango. Floribert alikaa benchi, mikono kati ya magoti.

"Tulisema tumbo yake iko bule, haina kintu," aliniambia. "Kwetu bote tulisema vile. Mama yangu alimuimbia vile mbele ya bantu. Kumbe iko mugonjwa."

Nilikuwa nimemwekea matusi ya tangu Juni, nimeyapanga vizuri. Badala yake nikamwondolea ndoo miguuni. Alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti, akaondoka kabla hawajamtoa Germaine. Nilimwita kwa jina lake, si Papa Hénoc, jina lake lenyewe. Hakugeuka.

Germaine aliamka jioni, ulimi mzito. Sikuruhusiwa kumpa hata maji, nikamlowesha midomo kwa kitambaa.

"Alikuja?"

"Alikuja. Balimuonyesha."

"Alisema nini?"

Nilimwambia, neno kwa neno. Alifumba macho, chozi likapita upande wa sikio likaingia kwenye mto.

"Na wewe uliona?"

"Balinikatalia."

"Iko wapi sasa? Mi pia niangalie."

Nilikwenda kuuliza. Nikamkuta muuguzi anaosha beseni. Akasema kilikwishapelekwa kuchomwa, kwa maana familia ilishaona.

Nilirudi, nikamwambia. Aliweka kiganja juu ya bandeji akakiacha pale.

"Tumupigie Floribert," nikasema, "akuambie vile ilikuwa."

"Hapana. Nilishamuomba ruhusa. Sitamuomba tena anielezee tumbo yangu."

Nilimfunika miguu, nikatandika mkeka wangu. Nilidhani amelala, lakini akasema tena, macho yake yakiwa kwenye dari.

"Mwenye aliikimbia ile nyumba ndo aliiaga, Mama Tracy. Mi mwenyewe nilikuwa nalala."