Kamera ya Porini na Mkaba Wangu

Chekeni tu, maana hata mke wangu Beatrice alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikikumbuka aibu ile uso unawaka moto, lakini moyoni nashukuru.

Ilikuwa ile miaka mambo yalipoharibika, vita vikawafukuza watu Mitwaba, na mama mkwe akatufikia hapa Lubumbashi peke yake, kwa sababu yeye na mtoto wake Kabamba walipotezana njiani. Nyumba yetu ni vyumba viwili! (Na kwetu mnajua, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani, kwa hiyo tulitundika pazia katikati na Beatrice akawa mjumbe.) Kila siku tulimsikia nyuma ya pazia akimtaja Kabamba.

Nyama iliadimika, wawindaji waliogopa kuzurura ovyo, ndipo nikanunua Kasumbalesa kamera ya kufunga kwenye mti, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, tujue nguruwe pori wanapita lini. Muuzaji, mtu wa Butembo, aliapa: "Iyi haiogopake mvua, chef!" Kamera kweli ilikuwa ngumu, ila kamba yake ilikatika nilipoivuta tu, kule shambani kwetu nyuma ya Kasapa, kando ya njia ya wanaotoka kaskazini, na mimi kwa akili zangu nikavua mkaba wa suruali nikaifunga nao. Kugeuka, nguruwe huyu hapa. Nikakimbia, suruali ikashuka, nikaanguka, nikaiacha hukohuko.

Nilirudi nyumbani nimejifunga gunia, nikasema nimeporwa kulekule shambani na watu wenye silaha. Majirani wakaja kunipa pole (na sahani ya maharagwe nikaipokea).

Mvua kubwa zilipopungua, jirani yetu mwindaji, Papa Ngoy, akaenda kuifungua kamera mtini, akaileta kwetu. "Leo tutaona sura ya bale ba voleurs!" akasema, yaani wezi walionipora. Mtaa mzima ukajaa mbele ya televisheni. Kamera ilijaa matope, nami nikaomba kimoyomoyo iwe imekufa.

Ikawaka. Picha ya kwanza, mimi nakimbia. Ya pili, chupi yangu nyekundu, yenye tundu. Watu walikufa kwa kicheko. Ya tatu, yenye tarehe ya juzi, kijana mwembamba amevaa suruali yangu.

"Muizi ule!" akapiga kelele Papa Ngoy.

Pazia, ambalo mama mkwe alikuwa akichungulia pembeni yake, likang'oka. Akasimama katikati yetu, mbele yangu kabisa. "Hapana muizi! Ile ni Kabamba! Iko muzima, mutoto wangu iko muzima!"

Hakuna aliyecheka tena. Tulimkuta jioni ileile kwa wachoma makaa, karibu na shamba, mgonjwa, hajui nyumba yetu iko wapi, ameishikilia suruali kiunoni kwa sababu ni kubwa. Nililia kama mtoto. Kamera ingekufa kama nilivyoomba, tungempoteza.

Mama mkwe alitundika tena pazia lake, tukamsikia: "Beatrice, ambia bwana yako aksanti mingi." Akaongeza: "Na siku ingine avale mukaba."

Tangu siku hiyo sijauvua, hata nikilala.