Nyama Iliyovuka Mto

Mwaka ule ni ule tuliokula mlenda asubuhi, mlenda jioni, mpaka ugali unateleza wenyewe kooni. Tarehe usiniulize, miye shule niliishia darasa la pili. Kimeta kilikuwa kimeingia kwenye ng'ombe. Bwana mifugo akakaa darajani na muhuri wake wa wino wa zambarau: ng'ombe asivuke, nyama isivuke, mpaka aipime yeye.

Juzi mwaka huo ukanirudia, hapahapa Barking, huku Uzunguni. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa kwetu, katoka nyumbani likizo. Akafungua sanduku jikoni kwangu, akatoa nyama kavu iliyoviringishwa kwenye vitenge. Kesho yake mjukuu wangu alikuwa anapata kipaimara, wageni wanakuja. Ile harufu ya moshi ya nyama ilipopanda tu, nikajikuta kwa bibi.

Kwa bibi tulisaga ulezi, mimi na mdogo wangu wa kike, tukipokezana jiwe. Siku moja jirani wa bibi akavuka mto kule chini, penye maji ya magoti, nyama kaifunika pumba kwenye baiskeli. Alisema kachinja. Muongo! Ng'ombe kafa mwenyewe, yeye kamkata shingo keshapoa. Kwetu kila mtu alijua damu ya kibudu haigandi, na ile ilikuwa inachuruzika nyeusi. Lakini watu wa mlenda tuliona nyama, damu hatukuiona. Bibi akasema, "Moto unamaliza kila kitu," akaichemsha mpaka ikaachia mifupa. Nisikudanganye, ilikuwa tamu.

Aliyeiosha ile nyama mbichi ni mdogo wangu. Akatoka kipele mkononi, hata hakimuumi. Kikawa kidonda cheusi kama kaa la moto lililozimika. Akavimba mpaka shingoni. Mlenda ulikuwa bado uko shambani tulipomzika.

Bibi hakuusema tena ule usemi wake wa moto. Siku hizi hata jiko lake halipo, pamejengwa duka la simu. Lakini mimi, mashine ya kufulia ya jirani ikianza kuzunguka kule chini, nasikia mtu anasaga. Nangoja anipokeze jiwe.

"Mama, hii ndiyo ya kwetu halisi," jirani akaniambia juzi ile jikoni. "Mbwa wa uwanja wa ndege wamenipita hivi hivi, nadhani walikuwa na mafua!"

"Nyama isiyopimwa haiingii kwenye sufuria yangu."

Akaacha kucheka. "Kwa hiyo nimekuja kukuulia watoto? Umeshakuwa Mzungu, mama?"

"Bibi, please," mjukuu wangu akaninong'oneza. "She's upset. Weka kidogo tu."

Nikaiviringisha tena kwenye vitenge vyake, nikamwekea jirani mikononi. Nikamshika mjukuu wangu bega, asikie vizuri na yeye.

"Nyama isiyopimwa haiingii kwenye sufuria yangu."