Jani Sikioni mwa Ogari

Yunia huchuna majani chai Sotik, na akifika nyumbani huchora manga, zile katuni za mtindo wa Kijapani. Manga yake ni ya Kerubo, msichana anayejifunza uchawi kwa ajuza mmoja mkali.

Mwaka jana nyapara wao, Ogari, alimfumania akichora wakati wa mapumziko. Akalirarua daftari mbele ya wachunaji wote, kazi ya miezi minane. "Mama mzima na katuni! Wewe chuna majani mawili na chipukizi, uchawi wako ni huo."

Mtu mwenyewe hawezi kuchora hata yai.

Yunia aliokota vipande. Moyoni aliapa: utanitambua.

Akaanza upya. Safari hii Kerubo alipata adui, mchawi mwenye kitambi cha Ogari, kofia ya Ogari na filimbi ya Ogari shingoni. Kerubo akamlaani: kila akisema uongo, jani la chai limchipuke kwenye sikio la kushoto. Yunia akazipiga kurasa picha, akazituma kwenye grupu ya WhatsApp ya wachunaji. Kufikia Jumapili, hata kwaya ya kanisa ilikuwa imezisoma.

Jumatatu, penye mizani, Ogari alimwaga chini kikapu cha Yunia. "Majani yamekomaa haya. Siyachukui."

Yalikuwa machanga, na kila mtu aliyaona. Wachunaji arobaini walimtazama tu sikio la kushoto.

Mkono wa Ogari ukapanda wenyewe, ukalipapasa.