Viatu vya Meno Mawili

Nilivichukia viatu vile tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Kipande cha ubao, kamba ya kupita katikati ya vidole, na chini yake meno mawili ya mbao yaliyosimama. Fundi seremala wa shamba la mkonge alivichonga kwa maelekezo ya meneja, Mzungu aliyewahi kuishi Japani. Nyapara akatutangazia mbele ya korona, ile mashine ya kukwangua mkonge: eti zamani wafanyakazi wa viwandani huko Japani walivaa hivi, maji yapite chini, mguu ukae juu mkavu. Asiyevaa haingii kazini.

Japani! Mimi nilirudi kutoka vitani Burma, tulikopigana na Wajapani, na kipande cha chuma pajani. Ndugu yangu wa tumbo moja nilimzika kule matopeni kwa mikono hii. Leo niteremke kutoka Ronge kuja Voi kutafuta kazi, nivishwe viatu vya watu waliomuua? Nikamwambia nyapara akamvishe mama yake.

"Basi lete ufunguo wa nyumba," akasema.

Hapo akanishika pabaya. Nyumba ilikuwa ya shamba, na ndani yake mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikavivaa, nimenuna.

Niliyefanya kazi naye bega kwa bega alikuwa jamaa wa kutoka magharibi, mcheshi kupita kiasi. Yeye alivipenda. Maji ya mkonge yanawasha, jamani, yanakula ngozi mpaka vidole vinachubuka, na miguu yake ilikuwa imeanza kupona. "Bwana Burma," akanitania, "Mjapani amekutibu miguu bure!" Nilitamani kumzaba kofi.

Jumapili nikachukua msumeno, nikayakata meno yote. Mahali pake nikapigilia mpira wa tairi kuukuu. Sasa vilikuwa viatu vyangu, si vya Mjapani. Mke wangu akauliza kama nimemuuliza mtu kwanza. Nikamwambia anyamaze.

Jumatatu jamaa akaviona. "Ndugu yangu, umeharibu. Meno ndiyo yanashika sakafu." Nikamwambia ualimu wake aupeleke kwao.

Haikufika saa nne. Makapi ya mkonge yanateleza kama mlenda. Mguu wangu ukaenda wenyewe, nikaelekea kwenye visu vya korona, uso mbele. Jamaa akanivuta shati kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akautupa kutafuta pa kujishikiza, na pale hapakuwa na pa kushika. Mimi nikaangukia kwenye makapi bila hata mkwaruzo. Mashine ikachukua mkono wake mpaka karibu na kiwiko.

Sina la kupamba hapo. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ukamla mtu mwingine.

Nyapara alipomfuata hospitalini kuuliza nani aliteleza, jamaa akasema ni yeye. Mimi nikanyamaza. Nyumba nikabaki nayo, na mke wangu akajifungulia humo.

Jamaa aliporuhusiwa kutoka hospitalini, nilimkuta stesheni ya Voi na mkewe, wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Nikasema, "Nisamehe, ndugu."

"Usiniite ndugu." Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Huyo Mjapani wako, alikuwa na sura kama yangu, hata nilipe mimi?"

Akatupa macho kwa mkewe, kisha kwangu.

"Na usidhani nilikuficha wewe. Nilimhurumia mkeo."

Akamwambia mkewe afungue sanduku. Akatoa viatu vyake vya mbao, meno yote mazima, akanitupia miguuni kwa mkono uliobaki. "Vaa. Kwetu hakuna korona."

Wakapanda treni, na hakuchungulia dirishani. Kesho yake niliingia kazini nimevivaa. Vilinibana kidogo vidoleni, na miguu yangu ilikaa mikavu siku nzima.