Kabla Hujanunua Ile Bunduki Fupi

Hapana, mdogo wangu, woga hauhusiki hapa. Umenitumia picha ya ile bunduki mara nne tangu jana, nimekwambia usiharakishe, na wewe unanijibu eti bro umezeeka, unang'ang'ania vya zamani. Nina miaka thelathini na mbili. Meno yangu yote yako mdomoni. Nikikwambia ngoja, ngoja kwanza, halafu utanitukana baadaye.

Na usinifundishe ubora wake, naujua. Hiyo wanayoiita bulpapu, magazini yake, kile kikasha cha risasi, inakaa nyuma ya triga, ndani ya kitako, kwa hiyo mtutu unabaki na urefu wake lakini bunduki nzima inapungua, unaikumbatia kifuani na mlango wa gari unafungika vizuri. Haya yote niliyasema mimi kabla yako, tena kwa sauti kubwa kuliko yako, mbele ya watu, na ile siku naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Shemeji yako asisikie hilo.

Ilikuwa kama 2016. Nilikuwa nasindikiza magari ya mizigo. Asubuhi tunalikuta gari la duka la jumla pale Mayfair kwa Wasomali, limejaa mchele, mafuta na sabuni, tunalifuata na pikapu yetu mpaka Diepsloot, linashusha kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kimoja baada ya kingine, tunarudi. Kwenye pikapu tulikuwa wawili, mimi na Thandi. Thandi kazaliwa Morogoro kama mimi. Baba zetu, wapigania uhuru wa huku kusini, walikuwa uhamishoni kule, mama zetu Watanzania, tukaletwa huku wadogo, tunalia tunataka kurudi nyumbani kwa bibi. Kwa hiyo ndani ya gari ni Kiswahili mwanzo mwisho, na matusi ya Kiluguru kidogo pale taksi inapotukatia mbele ya robot, yaani taa za barabarani. Yule kwangu ni dada. Ukimsema vibaya nikiwepo tunapigana, na hilo mpaka leo halijabadilika.

Bunduki ilikuwa moja. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa nayo. Tukifika Randburg, kwenye kituo cha mafuta, tunabadilishana: mwenye usukani anashika bunduki, mwenye bunduki anashika usukani. Hii weka kichwani, maana wewe na mwenzako mmepewa gari moja na bunduki moja vilevile, na ndiyo maana nakuandikia yote haya wakati ningekuwa nimelala.

Ile ya zamani ilikuwa ndefu, inagonga dashibodi, inagonga kioo. Siku moja Diepsloot nilitaka kushuka haraka, mkanda wa bunduki ukajisokota na mkanda wa kiti, nikabaki nusu ndani nusu nje kama nguo iliyobanwa na mlango. Hakukuwa na hatari yoyote, ilikuwa kelele za watu wanagombania gesi. Lakini mama muuza magwinya, yale maandazi ya huku, alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Thandi naye akacheka. Kuanzia siku hiyo nikawa na kisasi na bunduki ndefu.

Bosi akatuambia ile imechoka, tutanunua nyingine, nyinyi mnaokaa nayo ndio mchague. Jumamosi mwende uwanja wa shabaha, mwenye duka la silaha ataleta mbili, fupi na ya kawaida, mjaribu. Jumatatu mniambie.

Eish, mdogo wangu. Mimi shule niliishia njiani, unajua, kila nilichonacho nimejisomea mwenyewe. Basi wiki ile nikajisomea. Video zote nilizitazama. Siku ya Ijumaa nilisimama kwenye maegesho, walinzi wote wapo na chai zao, nikawapa hotuba. Nikasema anayechagua ndefu miaka hii achague na mkuki kabisa. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia bosi palepale, sisi tumeshachagua, Jumamosi ni kuthibitisha tu.

Thandi akaninong'oneza, "Sisi nani?"

"Mimi na wewe."

"Aha. Nilikuwa sijajitambua," akasema, akaendelea na chai yake.

Jumamosi nikaanza mimi. Nikaipenda. Fupi, uzito wake umekaa nyuma, hauchoshi mkono, na mashimo yangu yalikaa pamoja kwenye karatasi. Nikampa Thandi.

Thandi ni mtu wa kushoto. Anaandika kwa kushoto, anapika kwa kushoto, mama yake alimchapa utotoni mpaka akachoka kuchapa. Bunduki anaiweka bega la kushoto. Sasa fikiria: kwenye ile fupi, mahali ganda la risasi linapotokea ni nyuma, upande wa kulia, pale shavu la mtu wa kushoto linapokaa. Akapiga risasi moja, ganda la moto likampiga kwenye taya. Mwalimu wa uwanja akamsimamisha, akamwambia hii ni bega la kulia tu. Akahamisha bega. Alipiga kama mtu anayesaini jina lake kwa mkono usio wake. Kumi, na kwenye karatasi zikaonekana tatu. Tena alikuwa amevaa ile vesti nzito ya kuzuia risasi, na kitako cha bulpapu hakirefushwi wala hakifupishwi, mikono yake mifupi ikawa inaitafuta triga.

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nililiona ganda. Niliiona alama nyekundu kwenye taya. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Utazoea."

Akasema, "Sawa."

Mwezi uliofuata kulikuwa na mtihani wa kila mwaka wa kulenga shabaha, na unafanya na bunduki ya gari lako. Ukifeli, unashushwa, unarudi kusimama getini. Thandi alishasimama geti la duka kubwa miaka miwili kabla ya kupata kiti cha pikapu, miguu inavimba mpaka anavua viatu kwenye taksi. Nilijua. Hesabu hiyo sikuifanya, kichwa kilikuwa kimejaa makofi ya Ijumaa.

Jumatatu nikaenda stoo ya silaha kwa Papa Ilunga. Huyu alikuwa mzee wa Lubumbashi, Kiswahili chake cha kulekule, mtunza bunduki zetu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa na desturi moja iliyokuwa inatuudhi: haweki bunduki mezani uchukue. Anaifungua, anakuonyesha haina kitu, halafu anakupa mkononi, na haachii mpaka ameona umeshika. Kila asubuhi, kila mtu, hata kama gari linapiga honi nje.

Nikamwambia, "Papa, leo ndiyo mwisho wa hii ndefu yako. Tumechagua fupi."

Akaifungua ile ya zamani, akanionyesha, akasema, "Shika na mukono ya kushoto."

"Ya nini, Papa?"

"Shika. Fungula. Funga. Weka ku bega. Bega ya kushoto."

Nikashika. Mdogo wangu, niliipapasa ile bunduki kama sijawahi kuiona, na nilikuwa nayo kila siku. Nikakasirika, maana wawili watatu walikuwa mlangoni wanangoja zamu. Nikamwambia, "Mzee, mimi si mtu wa kushoto."

"Na Thandi haiko mutu wa kulia," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila asubuhi minamupatia hii bunduki. Mukono ya kushoto njo inakuja ya kwanza. Weye uko naye mu gari moja miaka mbili. Uliona nini?"

Nikasema nilimwambia atazoea, naye akaniambia sawa.

"Atazoea, ile ulisema weye. Yeye alisema sawa. Ile fupi iko muzuri, mutoto yangu, sikatae. Lakini uliipenda kama mutu mwenye anaishi peke yake."

Akachukua bunduki mikononi mwangu, taratibu, akaniwekea mkono kichwani kama anavyoniwekea mjomba. Akasema niende nikamuulize, yeye atangoja na daftari lake la silaha. Nikatoka mpaka kwenye pikapu.

Thandi alikuwa anaangalia upepo wa matairi. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia kwamba haikufai.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

"Jumamosi nzima?"

"Jumamosi, na Ijumaa, na Alhamisi kuanzia Mayfair mpaka Randburg." Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Na ulishasema mbele ya wote. Mimi nikikataa, wale wanakucheka mwezi mzima. Nikaona bora nijifunze bega la kulia."

"Na ukifeli?"

"Si narudi getini. Nilikuwepo kabla."

Aliyasema hivyo, kirahisi, kama mtu anayekupisha kiti. Mimi ninayejisifu kwamba natetea watu wangu, kumbe ni yeye alikuwa ananitetea, kwa kazi yake na mkate wa watoto wake, ili mimi nisichekwe kwenye maegesho.

Nikaenda kwa bosi, chai ikiwa mikononi mwa walewale. Nikasema nilikosea, tunataka ya kawaida, ile yenye kitako kinachovutwa na kusukumwa. Bosi akauliza, na mkuki je? Walicheka. Waliniita Mkuki mpaka naacha kazi pale, na kuna mmoja Randburg bado ananiita hivyo nikienda kununua sukari.

Ile ya kawaida, ukisukuma kitako ndani, inakaa garini vizuri tu. Si kama fupi, lakini vizuri. Thandi alikuwa anakifupisha kifuate mkono wake, mimi nakirefusha kifuate wangu, pale pale kituo cha mafuta, kazi ya sekunde mbili. Mtihani alipita kunizidi, na alinikumbusha kila siku mpaka nikamwomba basi.

Najua utasema zipo bulpapu zinazobadilishwa upande wa kutoa maganda. Zipo. Lakini nyingi mpaka uifungue, na ukiigeuza kumfaa wa kushoto, basi taya litakaloungua ni lako. Mtaigeuza kila siku Randburg huku mizigo ya watu inawaacha?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ndiyo niliyonayo. Bunduki ya kwako peke yako, nunua unayoipenda, wala usiniulize. Bunduki ya gari, mpe kwanza yule mwenye mikono mifupi, mwenye mkono wa kushoto, mwenye macho mabovu, aipige kabla yako. Aipige akiwa na vesti, aketi nayo garini mlango umefungwa. Halafu wewe unyamaze mpaka amalize kuongea, na akisema sawa haraka haraka, muulize tena mkiwa wawili. Mtu anayekupenda anaweza kukudanganya ili usiaibike. Usimwachie mzigo huo.

Nakupenda, ndiyo maana nakupigia kelele. Mungu akupe macho ya kumwona mtu aliye kiti cha pembeni, awarudishe nyumbani wote wawili kila jioni, na hiyo bunduki, iwe fupi iwe ndefu, irudi stoo bila kusikika.

Sasa niambie: mwenzako ameshaipiga hata risasi moja?