Sekunde Kumi na Nne za Hollis Pettway

Kwa miaka ishirini na tisa Hollis Pettway, mwamuzi wa futiboli ya Kimarekani, alikuwa na kazi moja kila Jumamosi ya vuli: kuuokota mpira wenye umbo la yai pale ulipoishia, kuulaza kwenye nyasi, na kupisha njia. Siku nyingine aligawa barua katika mitaa ya Tallow Creek, Mississippi, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Lakini Jumamosi, ndani ya shati lake la milia la uamuzi, vijana ishirini na wawili wa vyuo walimngoja yeye. Hakuna aliyecheza mpaka mkono wake utoke kwenye mpira.

Zamani ilikuwa kazi tamu. Washambuliaji walikusanyika kando wakinong'onezana mbinu, na Hollis akabaki peke yake na mpira, tarumbeta za wanafunzi zikielea juu yake pamoja na harufu ya karanga za kuchemsha. Hapo aliota macho wazi. Verdell, mkewe, alisema mumewe huenda uwanjani kulala akiwa amesimama.

Kisha ukaja huu mtindo wa mbio. Hakuna kunong'ona, hakuna kupumua: shambulizi moja likiisha tu, jingine limeanza, ili walinzi waliochoka wakose nafasi ya kubadilishwa. Timu za mbio zikasema ni akili. Wengine wakadai sheria, mpira usianzishwe kabla ya sekunde kumi. Walinzi nao, wajanja, wakajifunza kujiangusha wakishika paja kana kwamba wameumia, ili mchezo usimame, na mashabiki wakawazomea bila huruma. Hollis alichukia yote mawili, mbio na maigizo. Aliukumbuka ule utulivu wake.

Jumamosi moja ya Septemba jua liliwaka mpaka mistari myeupe ikacheza machoni. Jukwaani aliketi mkuu wa waamuzi na saa mkononi. Alikuwa amemwambia Hollis waziwazi kwamba akichelewesha mpira tena, huo ndio msimu wake wa mwisho. Hollis akakimbia na magoti yake ya miaka sitini na miwili.

"Weka mpira, babu!" kocha wa wageni alifoka. "Au unaliatamia hilo yai?"

Mashambulizi tisa mfululizo. Kelele zikasogea mbali, miguu ikawa kama si yake, na Hollis akahisi anatembea chini ya maji. Aliinama kuulaza mpira, akainua macho, akakutana na uso wa mlinzi mnene wa timu ya nyumbani, namba tisini na nne. Uso ule ulikuwa mkavu, hauna tone la jasho, kama wa mtu aliyezidiwa na joto.

"Uko sawa, mwanangu?"

"Sawa, mzee." Kijana akapepesa macho. "Mistari imeenda wapi?"

"Anguka basi, nipulize filimbi."

"Siwezi, mzee. Wenzangu wawili wameshaanguka leo, watasema naigiza. Mama yupo pale juu. Sitaki anisikie nikizomewa."

Hollis akauinua mpira kutoka kwenye nyasi, akaukumbatia kifuani.

"Haya, toka taratibu. Wataniangalia mimi."

Wakamwangalia kweli. Uwanja mzima, hata upande wa nyumbani uliochoshwa na mchezo kusimamasimama, ukanguruma, kofia zikarushwa, kocha wa wageni akaruka kama amekanyaga siafu. Tisini na nne akajikokota hadi pembeni, mwenzake akaingia, daktari akamkalisha na kumwekea barafu shingoni. Mama yake, maskini, hakuona hilo. Alikuwa amesimama juu ya benchi akimzomea Hollis kuliko wote. Hollis alisikia tarumbeta tu. Zilipita sekunde kumi na nne, kisha akaulaza mpira.

"Ulilala tena?" Verdell alimuuliza jioni, akikata mkate wa mahindi.

"Kidogo," Hollis akasema.

Januari wakubwa wa mchezo walikutana, wakabishana siku mbili kuhusu zile sekunde kumi, wakaacha sheria kama ilivyokuwa. Wiki iliyofuata, akipanga mzigo wake wa barua asubuhi, Hollis aliona bahasha ya chama cha waamuzi yenye jina lake. Alijua kilichomo. Hakuifungua, akaiweka mahali pake katika mfuko na kuianza njia, nyumba kwa nyumba, mpaka akafika kwenye sanduku lake mwenyewe. Akasimama pale na bahasha mkononi, muda mrefu, barabara kimya. Hakuna aliyepiga kelele aiweke.